Digrii ya pili ya falsafa na dini ukiwa Amu: tafuta swali kwanza, chuo baadaye

Vijana wa hapa Amu (Lamu) na wa Malindi wakimaliza digrii ya kwanza, haswa wale waliofanya ualimu wa Kiswahili na IRE (elimu ya dini ya Kiislamu) au historia na CRE (ya Kikristo), wengi huuliza kitu kimoja, "nikasome wapi falsafa na mambo ya dini?" Na mimi huwarudishia, wewe unataka kujua nini? Hapo ndipo kimya huingia. Kuchagua chuo kabla ya swali ni kwenda sokoni na kapu hujui utapika nini, utarudi na vitu na njaa iko palepale. Kwahivo mwongozo huu nimeupanga kinyume na vile watu hufanya, chuo kiko katikati huko, swali liko juu.

Ila kabla ya yote tuelewane ni masomo gani haya.

Idara ya falsafa na dini si madrasa wala si seminari. Hakuna mtu pale atakufundisha ili uamini na hakuna atakayekufundisha ili uache kuamini, kazi yao ni kuuliza watu wanaamini vipi, wanasali vipi, vitabu vyao vimeandikwaje na na nani na kwa nini, hoja zao zinasimama au zinayumba. Ukienda na nia ya kuthibitisha kwamba upande wako ndio wa haki na wengine wamepotea utateseka sana, manake utakutana na mwalimu mkristo anafundisha Uislamu vizuri kukushinda, na mwanafunzi mwenzako atakuuliza swali kuhusu jambo ambalo nyumbani kwenu haliulizwi. Mtu afikirie hilo mapema, akiwa bado kwao. Sisemi uache dini yako mlangoni, nasema ujue kwamba "nimeambiwa na shekhe wangu" si hoja ya kuandika kwenye tasnifu, hata kama shekhe wako ni mkweli.

Kenya vyuo vingi vimeweka falsafa na dini chini ya paa moja. Kenyatta iko hivo, Pwani pale Kilifi iko hivo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia. Nairobi ndiko alikofundisha mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka, na Moi kule Eldoret wameongeza na theolojia. Majina ya idara hubadilika badilika, usishangae. Maana yake kwako ni kwamba idara moja inaweza kuwa na mtu wa Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, mtu wa Agano Jipya na mtu wa fiqhi (sheria za Kiislamu), na hakuna hata mmoja anayejua lile unalolitaka. Jina la idara halikwambii kitu, watu waliomo ndio watakwambia.

Hatua ya 1: swali

Hapa nitakaa sana manake ndipo kazi ilipo.

Mtu wa Amu anadhani swali la falsafa liko Ugiriki au Ujerumani. Sawa, Plato utamsoma, hakuna njia ya kumkwepa na wala hufai kumkwepa. Lakini tazama ulipo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utendi wa Al-Inkishafi akiusuta moyo wake kwa kuzama duniani, anauonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Huo ni mjadala kamili kuhusu wakati, mali na mauti. Sasa chukua John Mbiti, Mkenya mwenzetu, kwenye kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alisema fikra za Kiafrika zinaelekea nyuma, kwenye yaliyotokea, na kwamba siku za mbele za mbali karibu hazipo kabisa. Watu wamembishia tangu hapo. Haya, wewe mtoto wa pwani uliyekua ukisikia habari za kaburi na akhera kwenye kila utendi, kwenye kila mawaidha, unasemaje? Watunzi wa Amu na Pate ni Waafrika au sio? Kama ni Waafrika, nadharia ya Mbiti inawameza vipi? Hapo tayari una swali la digrii ya pili, na hukupanda hata boti.

Nyingine. Mwana Kupona, mshairi wa pwani yetu, aliuandika kwa utendi wasia wake kwa bintiye mwaka 1858. Watu wameusoma kama adabu, wengine wameusoma kwa hasira kwa sababu ya utiifu kwa mume unaotajwa mle. Sawa, lakini swali la falsafa ni hili: wasia ule unasimama juu ya hoja ya aina gani? Ni amri ya Mungu tu? Ni manufaa ya nyumba? Ni heshima ya mtu? Unaweza kuukataa msingi mmoja ukabaki na mwingine? Hiyo ni kazi ya maadili na ni kazi nzuri.

Ukipenda mambo ya leo, mwaka 2019 mahakama maalum ya mazingira (National Environment Tribunal) ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi hapa Lamu, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Sasa "kushirikishwa" maana yake nini hasa? Mvuvi akiitwa mkutano akapewa soda na karatasi ya kusaini, ameridhia? Mjukuu wake ambaye hajazaliwa ana haki gani juu ya bahari ile? Odera Oruka huyohuyo kabla hajafariki 1995 alishaanza kuandika juu ya falsafa na mazingira, kwahivo huanzi kwenye jangwa.

Wa Malindi nao wasione wameachwa. Kuna misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda iliyoingia orodha ya UNESCO 2008, kuna uhusiano wa Waswahili na Wagiriama kwenye dini ambao Janet McIntosh aliuandikia kitabu 2009, kuna mahakama za Kadhi ambazo Susan Hirsch alizitafiti, kitabu chake kikatoka 1998. Na katiba ya 2010 imeziwekea mipaka mahakama hizo, hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu. Ukisoma kipengele hicho kwa jicho la falsafa ya sheria kitakuchemsha kichwa.

Jinsi ya kujua swali lako limeiva: mweleze mtu barazani baada ya sala ya alasiri, mtu mwenye akili zake lakini hajasoma chuo. Akisema "eeh, na hili hulijui?" basi bado ni pana. Akianza kubishana na wewe, limeiva. "Uislamu na maadili Lamu" si swali, hicho ni kichwa cha khutba. Swali lina neno la kuuliza ndani yake na lina kitu ambacho ungeweza kukuta umekosea.

Hatua ya 2: soma kabla hujaaplai

Usingoje chuo kikupe orodha. Stanford Encyclopedia of Philosophy, ensaiklopidia ya falsafa ya mtandaoni, ni bure na ni ya kuaminika, anza huko kwa kila neno usilolijua halafu fuata vitabu vilivyotajwa chini ya makala. JSTOR, maktaba ya majarida ya mtandaoni, ukifungua akaunti ya bure unaweza kusoma makala kadhaa onlaini bila kulipa. Jarida la Swahili Forum liko wazi kwa yeyote. Bando likiwa tatizo, pakua pidiefu usiku ukae nazo kwenye simu, watu wamemaliza nusu ya marejeo kwa simu tu.

Kwa falsafa ya Kiafrika huwezi kukwepa mvutano mmoja. Placide Tempels, padri Mbelgiji, alitoa kitabu mwaka 1945 akisema Wabantu wana falsafa yao, wote kwa pamoja, imejificha ndani ya lugha na mila. Paulin Hountondji wa Benin akaja akasema hiyo si falsafa, falsafa ni ya mtu mmoja mmoja anayejenga hoja na kukosolewa, watu wote kijijini hawawezi kuwa na hoja moja. Odera Oruka akapita katikati, akaenda kuwahoji wazee wenye hekima huku Kenya, kitabu kikatoka 1990, na akatofautisha mzee anayekariri hekima ya jamii na mzee anayeihoji hekima hiyohiyo kwa akili yake. Ukiuelewa ugomvi huu vizuri utajua papo hapo kwa nini msimamizi wako atakuuliza "hiyo ni falsafa ya nani?" kila ukiandika "Waswahili wanaamini kwamba".

Na kuna mtu ashafanya kazi hii kwenye pwani yetu, Kai Kresse, kitabu chake cha 2007 kuhusu kufanya falsafa Mombasa, aliwafuata wanazuoni na washairi akiwemo Ahmed Sheikh Nabhany aliyezaliwa Matondoni hapa hapa. Msome, halafu utafute alipoacha. Vilevile Abdul Hamid el-Zein aliyeandika kuhusu dini na jamii ya Amu kitabu kikatoka 1974. Wazee wengine wana maneno yao juu ya alivyowaeleza watu wa mji huu, na maneno hayo yenyewe ni data.

Hatua ya 3: hesabu ulichonacho

Kijana wa hapa huenda kwenye intavyuu akajisema kama fukara, "natoka kaunti ya pembezoni". Acha hizo. Kama ulipita chuoni kwa maalim (madrasa) ukajua kusoma hati za Kiarabu, na Kiamu ndio lugha ya mamako, una kitu ambacho mwanafunzi wa Ulaya atakitafuta miaka na asikipate vizuri. Maandishi ya zamani ya Kiswahili yako kwa hati za Kiarabu, chuo cha SOAS kule London wanayo mengi, mengine yameandikwa kwa mkono na Muhamadi Kijuma wa Amu. Msikiti wa Riyadha, ule wa Habib Swaleh, una hati zake ambazo zilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini kupotea. Andika ujuzi huu kwenye barua yako mistari ya juu, si chini kabisa baada ya "napenda kusoma na kuogelea".

Kinachokosekana kwa wengi ni mantiki na Kiingereza cha kuandika hoja. Kuongea tunajua, kuandika aya ambayo sentensi ya pili inatokana na ya kwanza, hapo kuna shida. Tafuta kitabu chochote cha mwanzo cha mantiki ufanye mazoezi.

Hatua ya 4: mtu, halafu chuo

Sasa ndio fungua tovuti za vyuo. Usiangalie picha za majengo. Nenda kwenye orodha ya walimu, soma makala moja ya kila ambaye yuko karibu na swali lako, kisha muandikie imeili fupi. Fupi kweli. Salamu na cheo chake sawasawa (kama ni Profesa usimwite Daktari, wanaumia), wewe ni nani kwa sentensi moja, swali lako kwa sentensi mbili, umesoma nini chake na kimekugusa wapi, halafu uliza kama anapokea wanafunzi mwaka huu. Basi. Usitume vyeti, usitume hadithi ya maisha, usiandike "dear sir" kwa mama wa watu. Asipojibu, ngoja wiki mbili mkumbushe mara moja kwa adabu, akinyamaza tena songa mbele, si kiburi, wamezidiwa.

Karibu zaidi na sisi ni Pwani, basi la kutoka Mokowe linapita Witu, Garsen na Malindi ndio lifike Kilifi, unaweza kuja nyumbani mfungo wa Ramadhani bila kuvunja benki. Nairobi na Kenyatta zina maktaba kubwa zaidi na watu wengi wa kubishana nao, na kwa falsafa kubishana ni nusu ya masomo. Mimi ningemshauri mtu mwenye swali la hati au la utendi aende palipo na msimamizi anayesoma Kiswahili, hata kama chuo chenyewe si kile kinachosifiwa.

Hatua ya 5: makaratasi

Hii haina maneno mengi. Kwa kawaida wanataka daraja la pili la juu, ukiwa na daraja la pili la chini vyuo vingine hukuangalia kama una miaka ya kazi. Transkripti, cheti, kitambulisho, barua za walimu wawili au watatu, maelezo ya utafiti. Kama digrii yako ni ya ualimu na unaingia upande wa falsafa, uliza mapema kama watakutia kwenye kozi za kuziba pengo. Barua za walimu ziombe miezi miwili kabla, na umpe mwalimu karatasi lenye swali lako na alama zako, la sivyo atakuandikia barua ileile anayoandikia kila mtu.

Kwa Marekani mambo ni tofauti kidogo. Kule unaweza kuingia PhD moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza, na kwenye falsafa kinachokuingiza au kukutupa nje ni insha yako, kipande cha kama kurasa 15 hadi 20 kinachojenga hoja moja mpaka mwisho. Watu hutumia miezi kukisugua. Ada ya kuaplai ipo lakini idara nyingi zinasamehe ukiomba, omba bila haya.

Hatua ya 6: pesa

Hapa Kenya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha hata wa digrii ya pili, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hufadhili watu kusoma ndani ya Afrika, si Ujerumani tu. Idara nzuri za PhD Marekani hukulipia karo na kukupa posho, wewe unafundisha kidogo. Skolashipu ya Chevening ya Uingereza ni ya digrii ya pili ya mwaka mmoja, wanataka uwe umefanya kazi miaka 2 na baadaye urudi kwenu kwa angalau miaka 2, fomu kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza watu wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Mtu akikwambia "nipe elfu kumi nikushikie nafasi ya skolashipu", mwambie akushikie na yake. Hakuna skolashipu ya kweli inayopitia kwa wakala wa Mpesa.

Wengi wetu tunasoma huku tunafundisha, na hakuna aibu. Uliza kama chuo kina utaratibu wa kusoma wakati wa likizo za shule. Ila jua kwamba kozi za darasani utazimaliza, kinachowakwamisha walimu ni tasnifu, manake darasani kuna mtu anakungoja na tasnifu haingoji wala haikumbushi.

Hatua ya 7: propozali na kibali

Propozali ina sehemu zake zinajulikana: tatizo, swali, waliotangulia wamesema nini, nadharia, njia ya utafiti. Kosa la wanafunzi wa falsafa ni kubandika dodoso la watu mia mbili kwa sababu wameona wenzao wa sosholojia wanafanya. Swali la kama hoja ya Mwana Kupona inasimama halijibiwi kwa asilimia. Kama unachambua maandishi sema unachambua maandishi, na ueleze utayachambuaje, simama hapo hata jopo likikubana.

Kama utahoji watu, unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, unaomba onlaini. Ndio, hata kama unayemhoji ni mjombako nyumbani kwenu Langoni. Ukikipata unakwenda kuripoti kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu, beba nakala nyingi kuliko unazodhani zinatosha.

Hatua ya 8: kwa wazee

Hii vyuoni hawaifundishi kwahivo nitaisema.

Ziara ya kwanza si ya kurekodi. Unakwenda, unapiga hodi, shikamoo, unauliza hali ya nyumba, unakunywa kahawa, unataja wewe ni mwana wa nani. Ukitoa simu ukaiweka mezani na kuwasha rekoda siku hiyohiyo mzee atakupa maneno ya redioni. Siku ya pili unaeleza swali lako kwa Kiswahili chenu, si kwa Kiswahili cha fomu, na ile karatasi ya ridhaa unaisoma kwa sauti mkaijadili, asisaini kitu kama anasaini hundi. Akitaka jina lake litajwe mtaje, akitaka lisitajwe usilitaje, na kama mnazungumzia pepo, uganga au khitilafu za misikiti basi hata akikubali leo muulize tena kabla hujawasilisha, manake mji ni mdogo na ukiandika "sharifu mmoja wa mtaa fulani mwenye duka la vitambaa" umeshamtaja.

Usiwe mwenye kuitikia tu. Odera Oruka alikuwa akiwapinga wazee kwa heshima ili aone watatetea vipi, na hapo ndipo alipopata kujua nani anafikiri na nani anakariri. "Maalim, na mtu akisema hivi utamjibuje?" Sentensi hiyo inatosha, mtu hakasiriki kwa sababu humpingi wewe, unampa mpinzani wa kufikirika.

Ukikuta hati ya familia ndani ya sanduku, usiichukue. Hata wakikupa. Piga picha kwa ruhusa, pande zote mbili za kila karatasi, weka rula pembeni ya kuonyesha ukubwa, wape na wao nakala ya picha. Wakiuliza waihifadhi vipi, waelekeze makumbusho ya Lamu.

Hatua ya 9: kuandika na kutoka

Andika sura ya katikati kwanza, ile yenye hoja yako, utangulizi utauandika mwisho ukishajua ulichosema. Tumia programu ya Zotero kwa marejeo, ni bure. Peleka kwa msimamizi kitu kila mwezi hata kurasa tano, msimamizi asiyeona kitu anasahau uko hai. Usimpe mtu pesa akuandikie, Nairobi kuna watu kazi yao ni hiyo, lakini siku ya utetezi jopo litauliza "ukurasa wa 47 ulimaanisha nini" na aliyeandika hatakuwepo chumbani. Baada ya utetezi kuna masahihisho, na siku hizi vyuo vingi vya Kenya vinataka uwe na makala kwenye jarida kabla ya kuhitimu, kwahivo ile sura ya katikati ianze kugeuzwa makala mapema, majarida huchukua muda mrefu kujibu.

Na kazi baadaye? Kufundisha chuo kunataka PhD na nafasi ni chache, hilo lisemwe wazi. Waliosoma haya utawakuta sekondari wakifundisha IRE na CRE kwa cheo cha juu kidogo, kwenye mashirika ya amani na mazungumzo ya dini, kwenye kamati za maadili za hospitali na utafiti, makumbusho, uhariri, na wengine wamerudi madrasani kwao wanafundisha vilevile ila wanafunzi wao wanauliza maswali zaidi na baadhi ya wazazi hawajafurahi.